Ree Mbili na Mkebe wa Michembe

Baba Grace wangu,

Sikuulizi hali, maana huko uliko sidhani kama watu huamka na mafua. Mimi sijambo. Magoti yananisumbua mvua ikikaribia, lakini hayo unayajua, ulikuwa ukiyatumia kutabiri hali ya hewa. "Mama Grace, magoti yanasemaje leo, nianike shati?" Leo yanasema mvua, na kweli wingu limekaa juu ya mtaa wetu wa Chemchem tangu asubuhi, zito, halina haraka. Nimerudi kanisani, nimebandika chungu jikoni, nimekaa barazani kwenye meza yetu ya mninga. Nimeegemea pale ulipopenda kuegemea wewe, mbao imekuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Kuna ukimya wa Jumapili mchana, ule ambao mtu akiukalia vizuri huanza kusikia vitu.

Nina neno la kukuambia, Laurenti, na nimeona ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Huko kwenu habari nadhani zinafika, watu wa Tabora wanakuja huko kila wiki. Kuna mwanamume ameniomba tuoane. Haya, nimeshasema. Sasa nivumilie nizunguke kidogo kabla ya kukuambia nimemjibu nini, kwa sababu jibu lenyewe limepitia kwenye karata, na karata uliniletea wewe.

Unakumbuka ulivyozileta? Ulikuwa ukiendesha lori la tumbaku, na msimu ule foleni ya kituo cha ununuzi kule Urambo ilikuwa haisogei. Malori yalilala pale siku nyingi, marobota yakisubiri kupimwa, na madereva hawakuwa na kazi ila kukaa kwenye kivuli cha matela na kucheza. Wengine walijua lasti kadi tu. Mwenzenu mmoja aliyewahi kufanya kazi machimboni ndiye aliyewafundisha poka. Ukarudi nyumbani unanukia ile harufu tamu ya tumbaku iliyotoka kwenye bani la kukaushia, hukuoga, hukula, ukanikalisha kwenye meza hii na kunigawia karata mbili.

"Mbili tu?" nikakuuliza.

"Mbili za kwako, siri yako. Tano tutazifunua mezani, hizo ni za wote. Atakayepanga vizuri kuliko mwenzake ndiye mshindi. Kila zinapofunuliwa unapandisha dau, au unafuata dau la mwenzako, au unalaza karata zako unakaa pembeni."

"Dau la nini? Sisi tuna nini cha kuweka?"

Ukaangaza macho nyumba nzima, yakaishia kwenye ungo pale mlangoni. Mama alikuwa ameniletea michembe kutoka Ntalikwa, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vinalia vikigongana. Ukachota konzi moja ukaweka mbele yangu, ukachota nyingine ukaweka mbele yako. Ukachukua mchembe mmoja ukaurusha katikati ya meza, ukalia tak. Mpaka leo nikisikia kitu kikigonga mbao hivyo, nageuka.

Na ile sheria yako ya mshindi. Sijui uliiwaza wapi, kwa madereva naamini haikuwepo. Ulisema mwenye michembe mingi jioni ikifika atachukua fungu lote la meza, aende kwake akalipike, na Jumapili inayofuata alete chungu tule sote. Nilikuambia hiyo si zawadi, hiyo ni adhabu. Ukasema ndiyo uzuri wake. Bwana Amirali, muuza vitambaa wa mjini, alipokuja mara ya kwanza alivua miwani akaifuta, akakuuliza kwa upole kama huo mchezo si kamari, maana dini yake haimruhusu, na wala mkewe hamruhusu.

"Kamari mtu anarudi nyumbani analia," ukamjibu. "Hapa anarudi nyumbani kupika."

Akacheka, akavuta kiti. Tukawa wanne: mimi na wewe, yeye, na Mama Neema jirani yetu, Mgogo, mwalimu aliyeletwa Tabora na kazi na kustaafia hapa hapa. Jumapili baada ya Jumapili, kuanzia saa nane mchana mpaka jua linapoanza kulegea. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa na furaha. Nilidhani nacheza karata tu.

Sheria yako ilituharibia akili, ujue. Nadhani ni kwenye meza yetu peke yake duniani watu waliogopa karata nzuri. Kumbuka siku ile Bwana Amirali alipozitazama karata zake mbili za mwanzo, akakunja uso kama aliyeona nyoka, akazilaza. Mchezo ulipokwisha Mama Neema akazifunua kwa udadisi. Ree ya uru na ree ya pau. Ree mbili, Laurenti, zile karata zenye alama moja katikati, kubwa kuliko zote, na mtu mzima kazitupa.

"Bwana Amirali," ulisema, "una ugomvi gani na Mungu?"

"Leo nina fungu kubwa tayari," akajitetea. "Nikishinda na hili, itabidi nipike. Mke wangu hataki michembe jikoni kwake. Anasema inamnukia shamba."

Ulinyamaza kwa hasira mpaka Jumapili iliyofuata. Hukuwahi kukasirikia mtu aliyekudanganya kwenye karata, lakini aliyezidharau karata nzuri alikuudhi kweli.

Ndiyo maana mimi nilikuudhi zaidi. Karata mbaya nilizilaza bila shida. Tatizo langu lilikuwa zile nzuri. Nikipewa ree mbili, au kingi mbili, badala ya kupandisha dau nilinyamaza. Nilisukuma mchembe mmoja kwa aibu, nikiogopa wenzangu wakijua watakimbia wote, nibaki na ree zangu bila mtu wa kumfunga. Basi waliingia wote kwa bei ya bure. Mama Neema aliingia na saba na mbili, karata za kutupa, na meza ilipofunuliwa ikatoka saba, ikatoka na mbili, ree zangu zikawa hazina kazi. Nawe uliniambia usoni kabisa, chungu cha Mama Neema kikiwa mbele yetu:

"Ree mbili mbele ya mtu mmoja ni kitu kikubwa. Mbele ya watu watatu ni wazee wawili wamesimama sokoni. Kila mtu anawapita na kikapu chake."

"Sasa nifanyeje?"

"Sema mapema. Pandisha dau hapo hapo, kabla meza haijafunuliwa. Wa kukimbia wakimbie. Atakayebaki utamjua."

"Na wakikimbia wote?"

"Utapata kidogo. Lakini kitakuwa chako."

Maneno mazuri, mume wangu, lakini wewe mwenyewe ulikuwa mchezaji wa kuchekwa. Ukiwa na karata kubwa ulinyamaza kimya cha mtu anayesali. Ukiwa huna kitu ulianza kuimba chini chini nyimbo za kanisani za Kirundi, zile za mama yako, ukidhani unatuzuga. Hatukukuambia. Tulikubaliana, mimi na Mama Neema na Bwana Amirali, kwamba hatutakuambia kamwe, kwa sababu tulipenda kukusikia ukiimba.

Ukizidiwa hoja ulihamia kwenye utani. Siku ile tulipokwenda Kwihara kumwona shangazi, tulirudi kwa miguu kwenye ile njia ya zamani ya misafara. Sasa hivi ni njia ya baiskeli na mbuzi, vumbi lake jekundu, na kunakuwa na wakati fulani wa alasiri ambapo mwanga unalala chini kabisa na vivuli vya watu vinakuwa virefu kupita kiasi. Tulitembea tukivitazama vivuli vyetu. Ukasema labda wale wapagazi wa misafara nao walipokaa kupumzika walicheza kitu, kete au vijiti, huwezi kutembea toka huku mpaka pwani bila kucheza kitu. Halafu ukanigeukia.

"Ninyi Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu kimya kimya mpaka mkazoea. Mizigo ilishatuliwa zamani. Wewe bado umebeba."

"Nimebeba nini?"

"Sijui. Husemi."

Nilikupiga na kanga begani. Nikifumba macho sasa hivi naiona ile njia, na vivuli viwili, na kimoja kinakipiga kingine na kanga.

Ulikuwa na haki ya kulalamika. Uliponiomba tuoane, mimi nilikuwa Urambo kwa mjomba, nachambua majani ya tumbaku, vidole vimenata mpaka siwezi kushika kikombe. Ulinifuata karibu na stesheni, treni ya Kigoma imesimama inapumua, ukasema ulichosema. Nikakujibu nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri, Laurenti. Nilikuwa nimemaliza kufikiri tangu siku ya kwanza uliposhuka kwenye lori ukamwamkia mjomba shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Lakini nilikuacha ungoje msimu mzima. Siku unapakia marobota ya mwisho kwenda Morogoro, injini inanguruma, ndiyo nikaja na kifurushi cha chakula na kukuambia nipo tayari.

"Kwa nini hukusema tangu kiangazi?"

"Sikutaka ujue mapema."

Ulicheka mpaka wenzako wakashuka kwenye malori yao kuuliza kuna nini.

Nakaribia, usichoke. Ile Jumapili ya mwisho wewe ndiye ulishinda. Ulinyamaza kimya chako cha sala, nasi kwa mara ya kwanza hatukukielewa, tulidhani umechoka. Kumbe ulikuwa na ree mbili, na uliongeza dau mara moja, kubwa, mwanzoni kabisa, kama ulivyonifundisha. Tulikufuata wote kwa ubishi. Ukatumaliza. Ukazoa michembe yote ukaimimina kwenye mkebe wa biskuti, ukauweka juu ya kabati, ukasema, "Nitaipika na karanga. Mtajilamba vidole." Alhamisi asubuhi ulikaa kitandani kufunga viatu, ukasema kichwa kinakugonga. Viatu nilikuja kukuvua mimi.

Sijui kama uliona mazishi yako. Ndugu zako walikuja kutoka Ulyankulu na nyimbo zao, walijaa uwanja wote. Jeneza lilipotolewa mlangoni Mama Neema akasimama mbele yake na sufuria tupu mkononi.

"Huyu haendi popote," akasema. "Jumapili katufunga, kachukua michembe yetu, leo anataka kukimbia bila kupika. Mwamsheni apike kwanza."

Ndugu zako walishtuka, mmoja akataka kumshika mkono. Wao ni Warundi, hawajui kwamba Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za hiyo misafara, wazee wetu walipopita kwao wakiomba maji, na kwamba mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Nawe uliyemwoa Mnyamwezi alikuhesabu mtani wake bila kukuuliza. Kaka yangu aliijua kazi yake, akaenda akamletea kuku ili atupishe. Mama Neema akampokea, akampima uzito kwa mkono, akasogea. Kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi, kuku kamkumbatia, akalia kwa sauti. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, na nadhani ni kicheko hicho kilichonifikisha makaburini kwa miguu yangu.

Mkebe wako sikuugusa. Niliupanguza vumbi kila Jumamosi, nikaurudisha juu ya kabati. Misimu miwili ya mvua imepita juu yake.

Mwaka wa kwanza hatukucheza. Kisha Mama Neema akachoka, akasema watu watatu ni wachache na huzuni ni nyingi, akaja na mtu wa nne. Anaitwa Silvesta. Ni mfiwa pia, mkewe alitangulia zamani. Anafuga nyuki, shamba lake liko Ntalikwa, linapakana na la kaka yangu. Unaweza ukawa ulimwona, ni yule mrefu anayekaa benchi la nyuma kanisani na kutoka wa mwisho.

Siku ya kwanza alisimama pale barazani, akavitazama viti. Kile cha kwako kilikuwa wazi. Akaenda uani akachukua kreti la soda, akaligeuza, akalikalia.

"Kiti kipo," nikamwambia.

"Kile kina mwenyewe," akasema.

Alikalia kreti mpaka mvua zikaisha, magoti yake yamefika karibu na kidevu, mpaka mimi mwenyewe nilipokivuta kiti nikamwambia akae, mwenyewe hakuwa mchoyo. Akakaa pembeni yake, nusu. Mpaka leo haegemei.

Anavyocheza, wewe ungesinzia. Analaza karata nyingi, anasubiri. Akibaki, ujue anacho kitu. Haimbi. Lakini ananisikiliza, Laurenti. Nikisema magoti yananiuma, Jumapili inayofuata anakuja na nta ya nyuki ya kuchua, anaiweka mezani bila maelezo. Na siku alipopika yeye, michembe yake ilikuwa mibichi katikati, na alikula kuliko sisi sote ili tusione haya. Nampenda. Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nimeliandika tena, na sasa nimeliacha.

Tulikuwa tunatoka misa aliponiambia. Alisimama kwanza, akavua kofia.

"Mama Grace, mimi si kijana wa kuzungukazunguka. Ningependa tuoane, kanisani, mbele ya watu. Nitakuuliza leo tu. Sitaki uone nakusumbua. Ukinyamaza nitakuwa nimeelewa, na Jumapili zangu nitazipeleka porini kwenye mizinga."

Unajua nilifanya nini. Nilinyamaza. Nikasema asante kwa nta.

Nilinyamaza siku zikawa wiki. Nilimpigia Grace simu Mwanza, nikidhani atakasirika kwa niaba yako. Akaniuliza tu, "Mama, unasubiri nini?" Jibu lilikuwa kwamba naogopa. Si watu, watu watasema, wakichoka watanyamaza. Naogopa nikionyesha kwamba nimepewa kitu kizuri tena, nacho kitakaa kitandani kufunga viatu. Kichwani mwangu naona kwamba nikikificha, aliyekitoa labda hatakumbuka kuja kukichukua.

Jumapili iliyopita Silvesta alikuja na chupa tatu za asali, moja ya kila mtu. Hajawahi kuleta tatu. Akaziweka mezani akasema huenda asionekane muda, mizinga inamhitaji. Bwana Amirali akavua miwani, akaanza kuifuta, akaifuta mno. Mama Neema hakumtazama Silvesta, alinitazama mimi. Nikagawa karata kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Nikainua pembe za zile zangu mbili. Ree ya shupaza. Ree ya kopa.

Mkono wangu, kwa mazoea yake ya miaka, ulikwenda kuchukua mchembe mmoja. Nikauona unavyokwenda. Na mvua ikaanza, ile mitone mikubwa ya kwanza juu ya bati, moja moja, kama karata zinapochangwa, na ndani yake nikasikia mtu anaimba kwa Kirundi chini chini. Sisemi ulikuwepo. Sina ujasiri wa kusema hivyo. Nasema nilisikia, na kwamba uliimba ule wimbo unaouimba ukiwa huna kitu mkononi.

Nikazungusha mikono yote miwili kwenye fungu langu nikalisukuma lote katikati ya meza. Michembe mingine ikaanguka chini.

"Mtani," akasema Mama Neema, "leo umekula nini?" Akalaza karata zake.

Bwana Amirali alilaza za kwake haraka, yule anaogopa kupika kuliko kufa. Akabaki Silvesta. Alizitazama karata zake, akanitazama mimi.

"Una karata kubwa," akasema.

"Ninazo."

"Basi nafuata."

"Silvesta, nimekuambia ninazo. Sikudanganyi."

"Nimesikia. Nafuata." Akasukuma fungu lake lote likagusana na langu.

Mama Neema akafunua zile tano za mezani, hakuna iliyomsaidia mtu. Nikaonyesha ree zangu. Yeye akaonyesha za kwake, tisa na nne, hata rangi hazifanani. Silvesta, ambaye hubaki mezani akiwa na kitu tu.

"Ulijua unafungwa," Bwana Amirali akamwambia, karibu kwa masikitiko.

"Sikutaka kuondoka mezani," akasema Silvesta.

Hapo ndipo nilipotua mzigo, mume wangu. Sikungoja watu waondoke, sikumvuta pembeni. Nilisema mbele yao wote.

"Silvesta. Kaka yangu unamjua, mnagombania mpaka wa shamba. Mtume mshenga kwake. Asisubiri mvua ikatike."

Alivua kofia, akairudisha, akaivua tena. Kisha, polepole, akaegemea kiti. Mama Neema akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akapiga kigelegele kimoja kikasikika mpaka barabarani, akakaa tena kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa. Bwana Amirali akauliza, kwa sauti ya kuhakikisha, sasa atakayepika ni nani.

"Mshindi," nikamwambia.

Mshenga alifika Ntalikwa jana. Kaka alinipigia, akaanza na mwangaluka, zile salamu ndefu za Kinyamwezi, kama vile hana habari yoyote, halafu akasema, "Dada, wamekuja. Nimewaambia nahitaji muda wa kufikiri. Nataka nijifanye nafikiri kidogo, heshima ya familia." Nikamwambia afikiri mpaka saa kumi na mbili, asivuke hapo. Akacheka kicheko cha marehemu baba yetu. Saa kumi na moja akapiga tena, amekubali.

Sikuombi ruhusa, Laurenti, maana ungenicheka. Ungesema, hatimaye amepandisha dau, na ungeanza kumweleza Silvesta makosa yake ya mchezo. Nakuomba kitu kimoja tu, usiache kuimba mvua inapoanza. Nikiwa kwa Silvesta au hapa barazani, nitakuwa nasikiliza. Nakukosa. Nakukosa nikiwa na furaha kuliko ninavyokukosa nikiwa na huzuni, na kwa hilo hakuna aliyenitayarisha.

Leo alfajiri nilipanda kwenye kigoda nikaushusha mkebe wako. Mfuniko ulikuwa umekaza, niliufungua kwa kisu. Wadudu wamekula nusu, mingine ukiishika inageuka unga. Nimekaa hapa mlangoni na ungo nimechagua iliyo mizima, mmoja mmoja, na mingi ilikuwa mizima kuliko nilivyoogopa. Nimeichanganya na niliyoshinda mimi. Nimetwanga karanga. Vyote viko kwenye chungu kimoja sasa, vinachemka, na harufu imefika hapa ninapoandika.

Nasikia viatu vya Bwana Amirali getini, na Mama Neema anamsimanga kuhusu mwavuli. Silvesta yuko nyuma yao, yule hutembea bila kelele. Wataingia, watakaa, Mama Neema atafunua chungu kabla ya kuambiwa, kama kawaida yake, na atauliza kimepikwa na nani.

Nitamwambia kimepikwa na Baba Grace. Nitamwambia deni la kupika, lile alilochukulia kuku msibani, amelimaliza.

Nenda kapumzike sasa. Hilo jina ulilonipa la mama wa mtoto wako litakwenda nami hata huko ninakoolewa, hawezi kunivua mtu.

Ni mimi, mkeo,
Mama Grace